Fidia za mashamba ya Zimbabwe: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu wageni, mikataba na hela ambayo haijafika

Kila ikitoka habari kwamba Zimbabwe imewalipa wazungu fidia ya mashamba ambayo serikali iliyachukua toka mwaka 2000, maswali yanayonifikia ni yaleyale, na majibu yanayozunguka mtaani mengi ni ya nusu nusu, huyu anasema Mugabe amesalitiwa, yule anasema wazungu wamerudishiwa nchi. Nimeyakusanya hapa kwa pamoja, kwa sababu kuna jambo moja naona wengi linawapita: anayetangulia kulipwa ni yule ambaye serikali ya kwao ilisaini karatasi na Harare miaka ya tisini, hata kama jirani yake alipoteza mara tano zaidi.

Hivi Zimbabwe inamlipa nani hasa?

Kuna makundi matatu na watu huyachanganya. La kwanza ni raia wa nje ambao nchi zao zilikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji na Zimbabwe. La pili ni Wazimbabwe weusi ambao walikuwa na mashamba yao ya kununua na yakachukuliwa kwenye zoezi lilelile, wapo, ingawa hawatajwi sana. La tatu, ambalo ndo kubwa, ni wakulima wazungu wa Zimbabwe wenyewe na wale wa nje ambao nchi zao hazikuwa na mkataba. Katiba ya 2013 kifungu cha 295 imewagawa hivyohivyo: kundi la kwanza na la pili wanalipwa ardhi pamoja na maendelezo, kundi la tatu wanalipwa maendelezo tu, ardhi yenyewe hawalipwi hata senti.

Lakini ardhi si ilikuwa ya Waafrika tangu mwanzo? Fidia ya nini tena?

Swali la haki kabisa hili na mimi sitalikwepa. Kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza, iliingia na watu wake mwaka 1890, ardhi ikachukuliwa kwa bunduki, halafu sheria ya 1930 ikaigawa nchi rasmi, wazungu wachache wakapata maeneo yenye mvua na udongo mzuri, Waafrika wakasukumwa kwenye ardhi kavu. Wakati wa uhuru 1980 wakulima wa kizungu kama elfu sita hivi walikuwa wameshika hekta zaidi ya milioni 15. Hakuna aliyewahi kukaa na bibi wa kijijini kule akamuuliza anadai fidia kiasi gani kwa kile babu yake alichonyang'anywa.

Ndiyo maana serikali ya Zimbabwe imeshikilia msimamo wake hadi leo: ardhi hatulipi, kwa kuwa hamkuilipia. Tunalipa nyumba, bwawa, kisima, mabanda ya kukaushia tumbaku, mabomba ya umwagiliaji, uzio. Hayo ndo maendelezo. Mimi naona msimamo huu una mantiki. Shida ni kwamba haukushikiliwa kwa wote, tutafika huko.

Si Uingereza ndo ilitakiwa kulipa?

Ndivyo Zimbabwe inavyosema na ina sababu. Kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwisho wa 1979, yale ambayo Mwalimu Nyerere na wenzake wa nchi za mstari wa mbele waliyasukuma mpaka yakafika mwisho, ardhi nusura ivunje kila kitu. Walichokubaliana ni kwamba kwa miaka 10 ya kwanza serikali mpya isichukue shamba kwa nguvu, inunue kwa anayetaka kuuza, na Uingereza itasaidia hela. Uingereza ikatoa kama pauni milioni 44 hivi kwa miaka yote iliyofuata, ikawa inalalamika kwamba mashamba yanaenda kwa wakubwa badala ya maskini, na Harare nayo inalalamika kwamba hela ni ndogo mno.

Halafu ikaja barua ya tarehe 5 Novemba 1997. Serikali ya chama cha Labour ilikuwa imeingia madarakani, waziri wake Clare Short akamwandikia waziri wa kilimo wa Zimbabwe, Kumbirai Kangai, kwamba hawakubali kuwa Uingereza ina wajibu maalumu wa kugharamia ununuzi wa ardhi Zimbabwe, na kwamba wao ni serikali mpya, yeye mwenyewe asili yake ni Ireland na wenzake kama mnavyojua walitawaliwa, hawakuwa watawala. Hebu waza barua hiyo inasomwa na watu waliopigana msituni, wakasaini Lancaster kwa shingo upande, halafu wanaambiwa serikali imebadilika kwahiyo ahadi haipo. Mwezi huohuo Harare ikatangaza orodha ya mashamba 1,471 ya kuchukuliwa. Sisemi barua moja ndo ilileta yote, veterani wa vita walikuwa wanambana Mugabe, uchumi ulikuwa unayumba, na Februari 2000 alishindwa kura ya maoni ya katiba. Lakini kwenye diplomasia maneno ya barua moja yanaweza kugharimu miaka 20.

Aprili 2000 katiba ikabadilishwa, ikaandikwa wazi kwamba mkoloni wa zamani ndiye mwenye jukumu la kulipa fidia ya ardhi, na asipolipa Zimbabwe haina deni. Uingereza haikulipa. Mashamba kama elfu nne yakachukuliwa.

Mzungu wa Zimbabwe na mzungu wa Uholanzi wana tofauti gani, wote si walinyang'anywa?

Hapa ndo penyewe. Miaka ya tisini Zimbabwe ilikuwa inatafuta wawekezaji, ikasaini ile mikataba ya kulinda uwekezaji na nchi kadhaa, kule wanaiita BIPPA. Uholanzi, Denmark, Ujerumani, Uswisi, zote zimo. Mkataba unasema hivi kwa lugha rahisi: mali ya raia wangu ukiichukua, umlipe thamani yake halisi bila kuchelewa, na mkigombana anaweza kukupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa, siyo mahakama ya kwako.

Sasa chukua mashamba mawili yanayopakana, yote ya tumbaku, yote yamevamiwa wiki moja. Mwenye la kushoto ana pasipoti ya Zimbabwe, na mwaka 2005 katiba ikabadilishwa hata mahakamani akazuiwa kupinga kuchukuliwa kwa shamba. Mwenye la kulia ana pasipoti ya Uholanzi, anapanda ndege, anafungua kesi Washington. Mchanga ni uleule.

Kwahiyo Waingereza nao wanalipwa ardhi?

Hapana, na watu wengi wanashangaa wakisikia. Uingereza na Zimbabwe walisaini mkataba wa aina hiyo 1995 lakini haukuwahi kuanza kutumika. Yaani wenye historia ndefu kuliko wote na ile nchi ndo hawana karatasi. Afrika Kusini nayo ilisaini wa kwake Novemba 2009, ila mashamba yaliyokwisha kuchukuliwa yakawekwa nje ya mkataba, kwahiyo wakulima wa Kiafrika Kusini waliokuwa wanausubiri wakatoka mikono mitupu.

Waliokwenda kushtaki walipata nini?

Kesi mbili ndo za kuzijua, zote kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichoko Washington. Ya kwanza ni ya kundi la wakulima Waholanzi, Aprili 2009 wakashinda zaidi ya euro milioni 8. Ya pili ni ya familia ya von Pezold, wenye uraia wa Ujerumani na Uswisi, wenye mashamba makubwa na misitu ya mbao mashariki mwa nchi. Julai 2015 wasuluhishi wakaiamuru Zimbabwe irudishe mashamba na kulipa, au isiporudisha ilipe karibu dola milioni 196. Zimbabwe ikaomba hukumu ifutwe, Novemba 2018 ikakataliwa.

Kushinda kesi na kupata hela ni vitu viwili tofauti. Mwenye tuzo, yaani hukumu ya wasuluhishi, inabidi azunguke dunia kutafuta mali ya Zimbabwe ya kukamata. Oktoba 2024 mahakama ya rufaa ya London ilikataa hoja ya Zimbabwe ya kujificha kwenye kinga ya serikali, ile kwamba nchi haishtakiwi kwenye mahakama ya nchi nyingine, maana ukisaini mkataba wa usuluhishi umeshakubali tuzo isajiliwe kwenye mahakama za wengine. Karibu miaka kumi toka hukumu, walikuwa bado kwenye hatua ya kusajili.

Na ile mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika?

Hii inaniuma mpaka leo kwa sababu ilikuwa mahakama yetu. Ilikaa Windhoek, na Novemba 2008 iliamua kesi ya mkulima Mike Campbell na wenzake zaidi ya sabini: kwamba zoezi limewabagua kwa rangi, hawakupewa nafasi ya kusikilizwa, walipwe fidia. Wengi wa hawa walikuwa raia wa Zimbabwe, hawana mkataba wowote wa kuwalinda, hii ndo ilikuwa mlango wao pekee. Zimbabwe ikagoma kutekeleza. Viongozi wetu wa SADC badala ya kuibana Zimbabwe wakaisimamisha mahakama 2010, na 2012 wakakubaliana kwamba mahakama itakayokuja isipokee tena kesi za mtu binafsi, ni nchi kwa nchi tu. Tanzania ni mwanachama, tulikuwepo mezani. Unaweza usiwapende wale wakulima, ni haki yako, lakini mlango uliofungwa ni wa mwananchi wa kawaida wa Mtwara au Mbeya pia.

Kitu kimoja kilitoka humo. Wakulima walisajili hukumu ya gharama za kesi Afrika Kusini, mahakama ya katiba kule ikawakubalia 2013, na 2015 nyumba ya serikali ya Zimbabwe iliyoko Kenilworth, Cape Town, ikapigwa mnada. Nyumba moja ya mtaani, nchi nzima ikapoteza kwa deni la gharama za mawakili.

Zile dola bilioni 3.5 zililipwa?

Hazijalipwa. Tarehe 29 Julai 2020 Rais Mnangagwa na wawakilishi wa wakulima walisaini Ikulu Harare makubaliano ya dola bilioni 3.5, ya maendelezo tu. Nusu ilitakiwa ndani ya miezi 12. Kumbuka mwaka wenyewe, corona, serikali haina akiba ya dola, na haiwezi kukopa nje kwa sababu ina madeni ya zamani ambayo haijalipa. Tarehe zikasogezwa, zikasogezwa tena.

Mwisho wake wakaja na utaratibu mwingine: asilimia 1 taslimu, asilimia 99 hatifungani za hazina za dola, yaani karatasi za serikali za kuahidi kulipa baadaye, riba asilimia 2 kwa mwaka, zinaiva kati ya miaka 2 na 10. Aprili 2025 malipo ya kwanza yakatoka, dola milioni 3.1 kwa mashamba 378 ambayo jumla yake ni milioni 311.

Na raia wa nje wenye mikataba?

Wao mwanzoni mwa 2025 walitengewa dola milioni 20, za Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Uswisi na nchi zilizokuwa Yugoslavia. Madai yaliyokubaliwa ni mashamba 94, karibu milioni 146. Piga hesabu mwenyewe: wenye mkataba wamepata kama asilimia 14 kwa mkupuo wa kwanza, wasio na mkataba asilimia 1. Na kule wanalipwa na ardhi juu. Hiyo ndo tofauti ya pasipoti ikiwa kwenye tarakimu.

Thamani ya shamba la zamani inapigwaje?

Wathamini wa pande mbili wanakaa. Wa wakulima walianza kukusanya kumbukumbu mapema, picha, ramani, risiti za mabomba, idadi ya mabanda. Wa serikali wanakwenda shambani. Sasa fikiria umefika miaka 20 baadaye na fomu yako, umeandikiwa mabanda sita ya tumbaku, unakuta mawili yamesimama, mengine mabati yameshaezuliwa yakawa paa la nyumba za watu, pampu haipo, bwawa limejaa tope, na mtu anayelima pale hajui kabla yake palikuwaje. Unaandika kilichopo au kilichokuwepo siku ile? Ubishani mwingi wa hesabu uliokula miaka uko hapo, na ndo maana walichokubaliana mwishoni ni kijumla kimoja cha nchi nzima badala ya kumaliza kila shamba peke yake.

Kwanini serikali zinajadiliana miaka yote hiyo, si waende mahakamani tu?

Kwa sababu nchi kwa nchi mahakama haina polisi. Toka zamani utaratibu ni kwamba raia akinyang'anywa mali nje, serikali ya kwao inalibeba dai lake, inakwenda kulizungumza. Mara nyingi wanamalizana kwa mkupuo mmoja, nchi inalipa kiasi fulani, ile nyingine inagawa kwa watu wake, na kila mmoja anapata kipande tu cha alichodai.

Ugomvi wa kanuni ni wa siku nyingi. 1938 Mexico ilipotaifisha mafuta, waziri wa mambo ya nje wa Marekani Cordell Hull alishikilia kwamba fidia lazima iwe ya haraka, ya kutosha, na kwa pesa inayotumika. Nchi zilizotoka ukoloni zikasema hapana, fidia inayofaa kulingana na mazingira, na azimio la Umoja wa Mataifa namba 1803 la mwaka 1962 likaandika hivyo, fidia inayofaa. Mikataba ya miaka ya tisini ikairudisha ile ya Hull kwa mlango wa nyuma, nchi moja moja, wakati tuna njaa ya wawekezaji.

Na kuna zinazokwama kabisa. Marekani imeidhinisha madai karibu elfu sita dhidi ya Kuba toka mapinduzi ya Castro, msingi wake kama dola bilioni 1.9 bila riba. Mazungumzo rasmi ya kwanza kuhusu madai hayo yalifanyika Havana Desemba 2015, na Kuba ikaweka mezani ya kwake, ya hasara ya vikwazo, makubwa zaidi. Hakuna kilicholipwa.

Kwanini Zimbabwe imeamua kulipa sasa?

Madeni. Nchi inadaiwa kama dola bilioni 21, nyingi zimepitiliza muda, na bila kuyasafisha haipati mkopo wa maana. Toka mwisho wa 2022 kuna meza ya mazungumzo na wanaoidai, msimamizi ni Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, na aliyeibeba ajenda ni Akinwumi Adesina alipokuwa rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Fidia za wakulima na zile za mikataba ziko kwenye ajenda ya meza hiyo. Kwahiyo ukiona malipo yametoka wiki chache kabla ya mikutano mikubwa ya fedha, usishangae.

Sisi Tanzania inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, na mimi mwenyewe nilianza kufuatilia haya mambo Agosti 2019, siku ndege yetu mpya, Airbus A220, ilipozuiliwa uwanja wa O. R. Tambo Johannesburg. Nakumbuka picha ile, twiga mkiani, ndege imeegeshwa, abiria wa Dar wametafutiwa usafiri mwingine. Watu wakasema ni hujuma za mabeberu. Kumbe ni mkulima ambaye mali yake ilitaifishwa Tanzania miaka ya themanini, serikali ikakubali kumlipa, ikalipa sehemu, salio likabaki linazaa riba hadi likatajwa kama dola milioni 33. Mahakama ya Gauteng iliiachia ndege Septemba 4 kwa hoja ya mamlaka, siyo kwamba deni halipo. Mwaka 2022 ndege nyingine ikazuiliwa Uholanzi, safari hii kwa tuzo ya dola milioni 165 ya kampuni ya Kiswidi iliyofutiwa mradi wake wa miwa Bagamoyo.

Na sio mambo ya juzi. Benki zilitaifishwa Februari 1967, siku moja baada ya kutangazwa Azimio la Arusha, fidia yake ikajadiliwa na wenye nazo. 1971 yakachukuliwa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na jengo likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipwa kitu. Waganda nao wanajua, Amin 1972 aliwapa Waasia siku 90, mali zikabaki, sheria ya kuzirudisha ikaja 1982 na kazi yenyewe ikashika kasi miaka ya tisini. Wenye Kakira na Lugazi walirudi wakafufua viwanda vya sukari. Wengi hawakurudi.

Aliyepewa shamba atafukuzwa?

Serikali imesema mara nyingi kwamba ugawaji wa ardhi haurudi nyuma. Agosti 2020 ilitangaza kwamba wenye mikataba na Wazimbabwe weusi wanaweza kuomba kurudishiwa shamba lenyewe pale inapowezekana, na isipowezekana wapewe jingine au walipwe. Hapo ndo hofu ilipoanzia, na ni hofu ya kweli kwa mtu aliyekaa shambani na karatasi ya kugawiwa tu bila hati miliki. Mwisho wa 2024 wakaanza kutoa hati kwa waliogawiwa.

Na wafanyakazi wa yale mashamba?

Nashukuru kila anayeuliza hili kwa sababu ni wachache. Walikuwa mamia ya maelfu, na familia zao. Wengi babu zao walitoka Malawi, Msumbiji na Zambia kuja kulima tumbaku ya mzungu, wamezaliwa palepale, wamezikana palepale, nyumba zao zilikuwa kwenye kambi ya shamba. Shamba lilipochukuliwa walipoteza kazi na nyumba siku moja. Na ilikuwa wakati uleule ambapo sheria ya uraia ya 2001 ilimtaka kila mwenye asili ya nje akaukane rasmi uraia wa kule, hata kama hajawahi kukanyaga Malawi maisha yake yote, asipofanya hivyo anapoteza wa Zimbabwe.

Hawa nao ni watu wa nje waliopoteza mali kwa uamuzi wa serikali, ukitaka kuwa mkweli. Walikuwa na kuku, bustani, nyumba ya udongo, malimbikizo ya kiinua mgongo. Kifungu cha 295 hakiwataji, hakuna mthamini aliyekuja na fomu kuhesabu vyumba vya kambini, na serikali za Lilongwe na Maputo hazina kiti kwenye meza ile kwa ajili yao.

Nifuatilie nini kuanzia hapa?

Hatifungani za miaka 2, zile fupi, zikiiva. Mkulima aliyezipokea 2025 atazipeleka hazina 2027, wengi wao sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na kwa umri huo hawana muda wa kusubiri mpaka za miaka 10.